Bima, Kidole na Dania

Mliniuliza kama ni lazima kuendelea kulipia bima ya udaktari mwaka huu, maana imepanda na kliniki inahitaji mashine mpya ya presha. Ni lazima. Ningeweza kuishia hapo, lakini nimestaafu, nina muda, na nyinyi wawili mko kwenye zamu, hamwezi kunikatiza. Kwa hiyo msome wagonjwa wakipungua. Hawatapungua, najua, lakini msome hivyo hivyo.

Kwa yeyote mwingine atakayeziokota karatasi hizi kwenye chumba cha chai: mimi ni daktari wa familia. Nilianza kazi Kibera, upande unaopakana na Ayany, nikamalizia Kawangware, katika kliniki hii hii, karibu na sehemu ya mtaa iitwayo Kongo. Watu wa hapo huniita Daktari Adhis, kwa kuwa Adhiambo waliona ni refu. Na bima ninayoizungumzia ni ile inayosimama na daktari pale mgonjwa anapodai kwamba amezembewa akaumia. Inakupa wakili, na ikibidi inamlipa mgonjwa. Chuoni tulikaririshwa mishipa yote ya shingo, moja moja, lakini bima hakuna aliyetutajia hata kwa bahati mbaya.

Aliyenitajia ni Daktari Wafula, mwenye kliniki ya Kibera, mtu mkubwa wa mwili aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza nilifika na stetoskopu mpya shingoni, nimejipiga pasi mpaka kola inakata. Hakuniuliza chochote juu ya magonjwa. Alinisukumia mkataba wa bima aliyokuwa ametaka niilipie kabla ya kuanza kazi, akasema, "Soma."

Nikasoma. Nikamwambia nimemaliza.

"Umesoma ama umeangalia?" akaniuliza. "Soma tena, halafu uniambie kama hiyo bima inakufuata mpaka kwa kinyozi."

"Mimi ni mwanamke, Daktari. Siendi kwa kinyozi."

"Basi kwa msusi. Usinipotezee wakati."

Nilidhani mzee ana kichaa chake. Kumbe alikuwa na maana yake. Mkataba ulisema nitalindwa kwa huduma nitakayotoa ndani ya jengo la kliniki. Wafula akaweka kidole chake kinene juu ya maneno hayo. "Hapa Kibera mgonjwa hakungoji ofisini," akasema. "Atakukuta unasukwa, kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, atakufunulia kifua cha mtoto hapo hapo. Utakataa kumwangalia? Huwezi, labda kama huna moyo. Sasa ukimwangalia, na mambo yaende mrama, hawa watakwambia ulikuwa nje ya jengo. Utabaki uchi, mama."

Akanirudisha kwa watu wa bima siku hiyo hiyo nikatafute mkataba usio na sentensi ile. Niliupata, kwa bei iliyonifanya nile githeri, mahindi na maharagwe tu, mwezi mzima. Nilinung'unika sana, na Wafula alinisikia nikinung'unika, akaniongezea wagonjwa.

Siku hiyo ya kwanza pia nilifungua mlango nikaita "Mama Brian", akasimama karibu nusu ya benchi. Kibera yote ilikuwa imezaa akina Brian. Wafula akanifundisha kumuuliza mgonjwa jina lililo kwenye kitambulisho, na alitaje mwenyewe. Ukimwambia, "Wewe ni Akinyi?" mtu aliyechoka na mwenye homa atakubali kuwa yeyote unayemtaka, mradi umtibu. Nimeona sindano ikikosa mtu wake kwa sababu hiyo, nikaikamata ikiwa bado hewani. Hilo mlishike mpaka mtakapozeeka kama mimi.

Kitu kingine alichonifunza ni kigoda. Hakuwa na vifaa vingi. Kile cha kuchungulia masikio kiliungua taa kila wiki, tukachungulia kwa tochi ya betri. Lakini alikuwa na kigoda kifupi alichokalia mbele ya mgonjwa, na mgonjwa alikaa kwenye kiti, kwa hiyo yule mtu mzima na sweta lake akawa anamtazama mgonjwa kutoka chini. Nilimuuliza kwa nini anajitesa magoti. Akasema mtu huona ugumu kukuficha kitu akikutazama kutoka juu, na pia huona ugumu kukushtaki. Hiyo ya pili alisema akicheka, lakini siku nilipoaga kwenda kufungua kliniki yangu alinipa kigoda kile kile. Ndicho hicho mnachowekea ndoo ya kupigia deki. Nimekiona. Itoeni hiyo ndoo.

Yeye alirudi kwao Bungoma kufuga ng'ombe. Alikuwa akinipigia simu kunieleza hali zao kana kwamba ananikabidhi wodi.

Kawangware nilianza na chumba kimoja, pazia badala ya ukuta, na muuguzi mmoja aliyekuwa mkali kuliko mimi. Wagonjwa wangu walikuwa wapangaji wa Kabiro na Kongo, wengi wao Wakamba wa Machakos na Kitui, na watu wangu wa kutoka ziwani: mafundi, wafua nguo, walinzi, wachuuzi. Watu wasio na siku ya kuumwa. Mtu asiyeweza kuacha kazi hata kidogo hutafuta daktari anapopita. Ndiyo maana niliombwa kutibu kila mahali: kwa fundi viatu, kwenye foleni ya maji, kanisani wakati wa sadaka. Mwanzoni nilikuwa napenda. Unajiona mtu wa maana.

Mahali nilipoombwa zaidi ni kwa Mama Mwende. Alikuwa mama mboga, mtu wa Kitui, ana meza yake pale unapotokea Kongo. Kila mtu alimjua kwa jinsi alivyokata sukuma wiki. Mkono wa kushoto umeshika kifungu cha majani, kidole cha shahada kinakisukuma polepole, kisu kinashuka nyuma ya kidole, na yeye huyo anakutazama wewe usoni na kukusimulia habari za mtaa. Sukuma yake ilitoka nyembamba kama uzi. Akina mama walipita meza nyingine wakaenda kupanga foleni kwake, maana mtu ametoka kazini, watoto wana njaa, nani anataka kwenda kukata sukuma mwenyewe?

Na alikuwa na nyongeza. Nyinyi mmezoea maduka makubwa yenye milango inayojifungua, acha niwaeleze. Ukimaliza kununua na kulipa, mama mboga mwenye roho anaingiza kitu kingine mfukoni mwako bila kukuuliza. Mimi aliniingizia dania, yale majani ya kutia mchuzi harufu, kila mara, kifungu kidogo, na siku za neema na kitunguu. Nilimtibu binti yake Mwende tangu akiwa mchanga wa kukohoa, mpaka akawa mwanamke anayefanya kazi kwenye duka la simu na anayenizidi kimo. Miaka yote hiyo sijawahi kununua dania Kawangware.

Siku moja nilipita kununua nyanya, naye akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Daktari, si unicheki hii kidole. Kisu imenidunga juzi."

Nikaweka kikapu chini. Nikakishika kile kidole cha shahada, nikakibonyeza pembeni na ncha, nikamwambia akikunje. Kilikuwa kimevimba kidogo na kina joto, lakini kilikunjika. Nikamwambia akiweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kabla sijafunga aje kliniki nikisafishe vizuri na kumpa dawa.

"Nitakuja, wacha nimalizane na hawa wateja," akasema. Akaniwekea dania, nikaenda zangu.

Wateja wa sukuma wameshawahi kuisha? Hakuja. Kesho yake nilikuwa Kabiro kwa mgonjwa wa kiharusi, na siku zilizofuata kulikuwa na mlipuko wa kuhara ambao haukumwacha mtu akae. Mama Mwende naye alikuwa nyumbani anafuata nusu ya maneno yangu kwa bidii yote. Alichovya kidole kwenye maji ya chumvi asubuhi, akachovya jioni, akawaambia na majirani kwamba hayo ni maji ya daktari. Mwende alipomleta kwangu, amemshika kiunoni, kidole kilikuwa kimevimba kimeng'aa, na wekundu umepanda mpaka kiganjani. Nikikigusa tu, mama wa watu analia. Niliita gari nikaenda naye mwenyewe hospitali kubwa. Wakampasua usiku huo huo wakaokoa mkono, lakini kidole cha shahada kilibaki kigumu. Hakikunjiki, hakinyooki sawasawa, kimesimama tu katikati.

Kidole ni kidogo ukikitaja. Lakini bila hicho, kisu hakina kinachokiongoza, na bila kisu hakuna sukuma ya kukatwa. Alijaribu kwa vidole vingine akajikata tena. Wateja wakaanza kuzoea meza nyingine.

Mwende alikuja kliniki peke yake, akakaa kwenye kiti, nami nikakaa kwenye kigoda.

"Daktari, mimi sina noma na wewe," akasema. "Umenitibu tangu niko mdogo. Lakini mathe hawezi kata sukuma tena, na hiyo ndio kazi anajua. Nimeambiwa madaktari mko na bima. Sasa hiyo bima ni ya nani, kama si ya watu kama mathe?"

"Nilimwambia aje kliniki, Mwende."

"Najua. Ameniambia. Pia ulimwambia maji ya chumvi, na hiyo ndio alisikia."

Baada ya hapo ikaja barua ya wakili wao. Nitawaambia ukweli, niliumia, tena nilikasirika. Nilizungumza na ukuta. Nilimwambia ukuta kwamba mtu ukimsaidia barabarani bila hata shilingi, anakupeleka kwa wakili! Halafu nikakumbuka mkono wa Mama Mwende kwenye ile meza ya hospitali, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Kama nilikosea au sikukosea, wekeni madaktari wawili mezani na mtoe chai, watabishana mpaka chai ipoe. Mimi sikuwa na haja ya ubishi huo. Nilichokuwa nacho ni mwanamke asiyeweza kufanya kazi na barua yenye jina langu.

Hapa sikilizeni, maana ndicho mlichoniuliza. Barua ya namna hiyo ikifika, piga simu kwa watu wa bima siku hiyo hiyo, kabla hujampigia hata dada yako. Usibadilishe hata nukta kwenye maelezo ya mgonjwa. Usiende kumwomba wala kumtisha. Nami nilifanya hivyo vyote, kisha nikampigia Wafula.

"Ulikuwa kwa kinyozi?" akauliza.

"Kwa mama mboga."

"Si nilikwambia!" akasema, na nyuma yake ng'ombe akalia kana kwamba naye aliniambia.

Watu wa bima walimtuma Wakili Njoroge, kijana mpole, viatu vinang'aa mpaka nikaona aibu kwa sakafu yetu. Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza kama Mama Mwende alinilipa.

"Hapana."

"Hakukupa kitu chochote?"

"Aliniongezea dania."

Akainua kichwa. "Dania. Sasa hiyo dania, Daktari, ilikuwa malipo ya kumwangalia kidole?"

"Malipo gani? Ilikuwa nyongeza. Huniwekea kila siku, niwe nimeulizwa kitu au sijaulizwa."

Njoroge akafunga kalamu yake, akatabasamu kama mtu aliyepata funguo. "Basi kesi imeisha," akasema. Akanieleza polepole. Kama nilikuwa kazini, bima inanifuata hadi pale kwenye meza ya mboga, kama mkataba unavyosema, na wao watalazimika kumlipa. Lakini kama yalikuwa mazungumzo ya marafiki, mteja na mwuzaji wake, hakuna daktari aliyekuwa pale wala mgonjwa. Hakuna malipo, hakuna kliniki, hakuna maandishi. Dai linakufa. Jina langu linabaki safi, baraza linalotusimamia halina cha kuniuliza, na bima yangu haipandi.

"Na Mama Mwende?" nikauliza.

"Itabidi wakubali tu," akasema, na kusema kweli hakusema kwa ubaya.

Sitawadanganya kwamba sikuvutiwa. Nilikuwa nimejenga jina kwenye mtaa ambao jina ndilo bango lako. Nilienda nyumbani nikiyarudia maneno yale, "mazungumzo ya marafiki", na kila nikiyarudia yalizidi kuwa matamu. Na si uongo, tulikuwa marafiki kweli.

Siku hizo bado nilipita kwake. Ningepita wapi? Meza yake ilikuwa na nyanya na vitunguu tu, na sukuma chache ambazo hazijakatwa, zimeanza kulala. Wakili alikuwa amenikataza kuzungumza naye juu ya kesi, kwa hiyo nilinunua nyanya kimya kimya kama mwizi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Daktari, kesi ni ya Mwende na hiyo bima. Mimi na wewe bado tunasalimiana ama?"

"Tunasalimiana, Mama Mwende."

"Haya basi." Akaweka dania kwenye mfuko kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameuficha ndani ya leso. Nikaibeba mpaka kliniki.

Tukakutana wote kwenye ofisi ya watu wa bima, ghorofani, ili tuone kama tutapatana kabla ya kwenda mahakamani. Mama Mwende alivaa nguo ya kanisani. Mwende alikaa kando yake, na wakili wao, mwanamke aliyekuwa na mafua makali, karibu na dirisha. Njoroge hakupoteza muda.

"Mama, siku ile ulimlipa daktari?"

Chumba kizima kilijua jibu linalotakiwa. Mwende akamwinamia mamake, akidhani ananong'ona. "Mathe, sema tu hiyo dania ilikuwa malipo. Tafadhali. Si ni kama malipo tu?"

Mama Mwende akamgeukia kana kwamba amemtukana. "Ati malipo? Mimi nimlipe daktari na dania? Woi, Mwende! Watu wasikie nalipa deni na majani?" Akamgeukia Njoroge. "Nyongeza si malipo. Hata wewe ukinunua kwangu nitakuongezea, na wewe sijui unanitibu nini. Siwezi dai pesa na uongo. Mungu ananiona."

Mwende akafunika uso kwa mikono. Wakili wao akapenga kamasi. Njoroge akaandika, kisha akanigeukia kwa upole ule ule.

"Daktari, unakubaliana na mama? Yalikuwa mazungumzo tu, kati ya marafiki?"

Nilimtazama Mama Mwende. Alikuwa amekataa kusema uongo mmoja mdogo ambao ungemrudishia riziki, na mimi nilikuwa naombwa kusema ukweli mmoja mdogo utakaomnyima. Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kidole.

"Ni rafiki yangu," nikasema. "Lakini nilikishika kidole chake. Nilikibonyeza ncha na pembeni. Nilimwambia akikunje nione. Rafiki anakupa pole, hakubonyezi kidole. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi, Wakili, na pale kwenye meza nilikuwa kazini. Alikuwa mgonjwa wangu, na maji ya chumvi nilimwandikia mimi, kwa mdomo."

Njoroge aliomba tutoke nje kidogo. Kwenye korido akaniuliza kama naelewa nilichosema. Nikamwambia naelewa, kwamba ndiyo maana nimelipia mkataba wao tangu enzi za githeri, na kwamba kama hawataki ufanye kazi wanirudishie pesa zangu. Akacheka, ingawa alijaribu kujizuia.

Wakalipa. Baraza likaniita, nikajieleza, likanitaka niwe mwangalifu zaidi nje ya kliniki, nami nikasema asante kwa heshima zote. Bima ikapanda. Mtaani, wale waliosikia nusu walisema nimeua mtu, wale waliosikia nusu nyingine walisema nimemjengea mtu. Nilikosa wagonjwa kwa muda, nikapata wakati wa kufua mapazia. Mama Mwende akajenga kibanda cha mabati akaajiri msichana wa kukata sukuma. Haikatwi nyembamba vile, lakini foleni ilirudi.

Mimi nami nikabadilisha kazi yangu. Tangu siku ile, mtu akinisimamisha njiani kunionyesha kitu, sikumwambia aje baadaye. Nilimshika mkono tukaenda wote kliniki, na sukuma zake, na mtoto wake, na toroli lake kama analo. Mlinicheka nyinyi wawili mlipofika, mkaniita askari wa kaunti, wale wanaokamata wachuuzi. Chekeni. Lakini aliyeshikwa mkono hufika.

Jambo moja halikurudi. Mara ya kwanza nilipokwenda kununua kwenye kibanda kipya, Mama Mwende alinipimia nyanya, akapokea pesa, akanipa chenji, akafunga mfuko. Hakuweka dania. Nilisimama kidogo kama mjinga.

"Isije ikaulizwa tena," akasema bila kunitazama. "Pale juu waliiuliza-uliza mpaka nikaona aibu. Daktari, tuwe tunauziana tu."

Nikamwambia sawa. Ilikuwa sawa vipi? Miaka yote iliyofuata nilinunua kwake, tukasalimiana, nikamtibu presha yake kliniki, tukacheka hata. Lakini dania nilinunua, kama mtu mwingine yeyote. Baraza halikuniuma, bima kupanda haikuniuma. Hilo liliniuma kila nilipofungua mfuko wa mboga.

Sasa mwezi uliopita niliwakabidhi funguo. Kabla sijasahau: nimestaafu lakini bado nalipia bima, ile sehemu inayobaki nyuma yako. Mikataba mingi inakulinda tu wakati unapolipa. Ukiacha, na mtu akaja na dai la kazi ya zamani, linakukuta umeshavua koti. Ulizeni jambo hilo kabla hamjasaini, tena kwa sauti. Na yule muuguzi mkali, lipieni bima yake pamoja na yenu.

Siku iliyofuata baada ya kuwaachia funguo, nilipita kwa Mama Mwende na kikapu. Nilitaka ndengu, nyanya, na dania ya kununua. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anamsimamia msichana wake.

"Nasikia umeacha kazi," akasema.

"Nimestaafu, Mama Mwende. Koti nimewaachia vijana."

"Kabisa? Hata mtu akikuonyesha kidole?"

"Hata akinionyesha mguu mzima. Nitamshika mkono nimpeleke kwao."

Akapima ndengu, akapima nyanya. Nikamwambia aniwekee na dania ya kununua. Akapokea pesa za ndengu na nyanya, akanirudishia zilizobaki, kisha kwa ule mkono wa kushoto, kidole kimesimama, akachukua kifungu cha dania, akakipachika juu ya nyanya. Akafikiri. Akaongeza na kitunguu.

"Mama Mwende, leo sijakutibu kitu," nikamwambia.

"Kwani lini nilikuongezea kwa sababu ya kunitibu?" akasema. "Haya, nenda, unanizuilia wateja."

Jioni hiyo nilipika zile ndengu, nikatia dania yote.